Mayday: neno la Kifaransa lililokulia kwenye redio za Waingereza (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wa aina mbili: wanafunzi wa Kiingereza waliolikuta neno hili kwenye filamu na magazeti, na vijana wanaosomea ubaharia ambao siku moja huenda wakalazimika kulitamka wao wenyewe. Wa kwanza huuliza limetoka wapi, wa pili huuliza litumike lini. Nimeona majibu yao hayatenganiki, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Mayday maana yake nini hasa?

Ni wito wa redio unaosema: chombo changu kiko katika hatari kubwa, hatari yenyewe ni ya sasa hivi, na nahitaji msaada bila kuchelewa. Maana ni hiyo moja tu. Meli inazama, ndege imezimika injini zote, jahazi limeshika moto, mtu ameanguka baharini na haonekani. Anayelisikia hapaswi kuuliza "una maana gani?" Anaacha alichokuwa akifanya, anashika kalamu na kusikiliza.

Hutamkwa "meidei", silabi mbili tu zenye uzito karibu sawa. Kwenye kamusi za Kiingereza mara nyingi utalikuta kwa herufi ndogo, na kwenye miongozo ya redio kwa herufi kubwa zote, MAYDAY.

Kama ni la Kifaransa, mbona Mfaransa anayezama hapigi kelele ya "mayday"?

Kwa sababu Kifaransa cha kila siku hakina neno hilo. Mfaransa aliyezidiwa ataita "Au secours!" au "À l'aide!" Akitaka kusema "nisaidieni" kwa sarufi iliyonyooka, atasema "aidez-moi", kiwakilishi kikija nyuma ya kitenzi.

Kilichochukuliwa ni sauti ya "m'aider", yaani "kunisaidia", ambayo Mswahili angeiandika "mede". Ukiirefusha inakuwa "venez m'aider", njooni mnisaidie. Kamusi nyingine huandika asili yake kuwa "m'aidez", na walimu wa Kifaransa hukunja uso, maana amri haiundwi hivyo. Lakini sikioni maumbo hayo mawili ni kitu kimoja, na kwenye redio sikio ndilo lenye hukumu. Mwingereza alisikia maneno mawili anayoyajua tangu utotoni, mwezi wa Mei na siku, akayaandika hivyo.

Sisi wenyewe tunazo safari kama hizi. Manowari ilitoka kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtu wa vita, na meli ilitoka kwenye neno lao la barua, kwa sababu ya zile stima zilizobeba posta. Nani leo akisema "meli imetia nanga" anafikiria bahasha? Neno likishavuka mpaka, linaishi kwa sheria za huko liendako.

Na mayday limefanya jambo ambalo maneno machache hulifanya: limerudi kwao. Rubani wa Kifaransa leo husema "mayday" kwenye redio, kwa matamshi ya Kiingereza, kama mgeni aliyezaliwa nyumba ileile.

Nani alilileta?

Anayetajwa ni Frederick Stanley Mockford, ofisa mwandamizi wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, kusini mwa London. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Croydon ndio ulikuwa uwanja mkuu wa London, na ndege nyingi zilikwenda na kutoka uwanja wa Le Bourget, Paris. Zilikuwa ndege ndogo za injini zisizoaminika, zikikatiza mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Injini ikigoma pale katikati, aliyeko chini anaweza kuwa Mwingereza au Mfaransa. Neno lililohitajika lilikuwa lile ambalo wote wawili wangelishika mara moja, hata kwenye redio zenye kelele za wakati ule.

Mockford akapendekeza mayday. Mwaka 1923 lilianza kutumika kwa safari za anga za mlango huo, na mwaka 1927 mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington ukaliidhinisha kuwa wito wa sauti wenye hadhi sawa na SOS, ule wito wa hatari uliogongwa kwa milio ya Morse.

Ndiyo maana nasema neno hili halikukopwa kwa njia ya kawaida. Maneno mengi ya Kifaransa yaliingia Kiingereza na wafalme, wapishi na mahakimu, taratibu, kwa karne nyingi. Hili lilichaguliwa na fundi wa redio kwa kazi moja, kama seremala anavyochagua ubao.

Kwa nini hawakuendelea na SOS?

SOS haikuumbwa kwa mdomo, iliumbwa kwa kidole. Ni nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, zikigongwa mfululizo bila kupumzika katikati. Ilikubaliwa Berlin mwaka 1906 kwa sababu mlio huo haufanani na kitu kingine chochote hewani. Herufi zenyewe hazikuwa kifupisho cha maneno yoyote. Ile tafsiri ya "okoeni roho zetu" watu waliitunga baadaye. Kabla yake meli nyingi zilitumia wito mwingine wa Morse, CQD, na Titanic, usiku ule wa Aprili 1912, ilituma zote mbili.

Sasa jaribu kuitamka "es-o-es" kwenye simu mbovu. Sauti ya S ni upepo mtupu. Ikipita kwenye redio yenye mikwaruzo inafanana na F, au inapotea kabisa. Mayday ina M inayofunga midomo na irabu ndefu zinazobeba. Inapenya.

Na kwa nini lisiwe neno la Kiingereza la "msaada"? Kwa sababu hilo linasemwa kutwa. Rubani anaomba msaada wa kujua hali ya hewa, nahodha anaomba msaada wa kufunga kamba gatini. Wito wa hatari unahitaji neno lisilo na kazi nyingine. Wazee wetu walilijua hili vizuri: pembe ya mgambo haikupigwa kwa ngoma ya harusi. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Lina uhusiano na Mei Mosi?

Hapana. Sikukuu ya wafanyakazi kwa Kiingereza huandikwa kwa maneno mawili yaliyotengana, na ni siku ya kwanza ya mwezi wa Mei tu. Wito wa hatari ni neno moja. Yamekutana kwenye matamshi peke yake. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama neno lilianzia kwenye maandamano ya wafanyakazi waliokuwa wakidai kusaidiwa. Ni dhana nzuri, lakini si kweli.

Kwa nini hutamkwa mara tatu?

Sababu ya kwanza ni kelele: ukikosa la kwanza utapata la pili. Sababu ya pili ni kutofautisha wito wenyewe na mazungumzo kuhusu wito. Mwongoza ndege anaweza kumwambia mwenzake "ile mayday ya asubuhi imeshughulikiwa". Hapo amelitaja mara moja, na hakuna anayeruka kitini. Mara tatu mfululizo ni wito.

Tazama ilivyokuwa New York tarehe 15 Januari 2009. Ndege ya abiria iligonga kundi la ndege wa porini muda mfupi baada ya kuruka, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Nahodha Chesley Sullenberger alianza kwa mayday mara tatu, kisha tatizo, kisha nia yake. Mwanzo wa wito wake uliangukiana na sauti ya mwongoza ndege aliyekuwa akizungumza wakati uleule, na hata namba ya safari yake aliitaja kimakosa. Lakini ujumbe ulieleweka, kwa sababu aliendelea kusema kilichotokea na alichokusudia kufanya. Dakika chache baadaye ndege ilikuwa juu ya maji ya mto Hudson, na watu wote 155 wakatoka hai.

Pan-pan na securite ni nini? Nimeyasikia pamoja na mayday.

Ni ndugu zake, na wote watatu wana asili ya Kifaransa. Ukizijua daraja zake hutakosea.

Mayday ni hatari ya maisha au ya chombo, sasa hivi.

Pan-pan ni jambo la haraka ambalo bado halijafika hapo: injini imezima lakini maji hayaingii, abiria anaumwa na anahitaji ushauri wa daktari, mafuta yamekwisha na mkondo unawasukuma. Linatokana na "panne", kuharibika kwa chombo. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu hahitaji kufafanuliwa: kwao gari likizima njiani watu husema lina pane. Baharia wa Mombasa hulikariri darasani, dereva wa Kivu amelikuta barabarani, na wote wawili wameshika neno lilelile. Kwenye redio husemwa "pan-pan, pan-pan, pan-pan".

Securite ni tahadhari kwa wengine: gogo kubwa linaelea njiani, taa ya mnara haiwaki, dhoruba inakuja. Matamshi yake kwenye redio hubaki ya Kifaransa, "sekyurite", mkazo mwishoni.

Hapa naomba nisimulie kidogo. Msimu mmoja wa kaskazi nilikuwa abiria kwenye boti ya mizigo kutoka Unguja kwenda Pemba. Tulipofika kwenye mkondo wa Nungwi injini ikazima. Nahodha alikuwa na redio, imening'inia juu ya kichwa chake, na kwa karibu saa nzima hakuigusa. Alipoulizwa alisema hakuna kilichovunjika, hakuna aliyeumia, sasa awapigie watu kelele za nini? Tulikuwa watu kumi na mmoja, tukiyumbishwa ubavu kwa ubavu, wanawake wawili wakitapika, na pwani ikizidi kwenda mbali. Fundi aliiwasha injini hatimaye na tukafika. Lakini nilijifunza siku ile kwamba watu wengi hudhani redio ina hali mbili tu, kimya au kuzama. Katikati kuna pan-pan. Ukiisema mapema, kituo kinakujua uko wapi, vyombo vya jirani vinakutupia jicho, na kama mambo yataharibika, mayday yako haitaanza kutoka sifuri. Haya ya kuonekana mwoga imewagharimu mabaharia wengi kuliko mawimbi yanavyosimuliwa.

Kweli neno moja linaweza kuamua nani apone?

Linaweza. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya safari namba 52 ya Avianca, Boeing 707, ilitoka Kolombia kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na ndege ilizungushwa angani mara tatu kusubiri zamu, jumla ya saa moja na robo hivi. Mafuta yakaendelea kupungua. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza na waongoza ndege kwa Kiingereza, aliomba "kipaumbele" na akasema wanaweza kusubiri kama dakika tano tu. Mwongoza ndege alisikia ombi. Hakusikia hatari.

Walipojaribu kutua mara ya kwanza upepo uliwashinda, wakalazimika kupanda tena. Nahodha, kwa Kihispania, akamwagiza mwenzake awaambie kwamba wako katika hali ya dharura. Mwenzake akajibu mwongoza ndege kuhusu mwelekeo aliopewa, kisha mwishoni mwa sentensi akaongeza kwamba mafuta yanakwisha. Nahodha akamuuliza kama amewaambia. Akajibiwa kwamba ameshawaambia. Na kweli alikuwa amesema. Lakini maneno "mafuta yanakwisha" waongoza ndege wa New York huyasikia kila siku yenye foleni. Kila ndege mafuta yake yanakwisha. Ndege ikapewa mzunguko mwingine mrefu. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, na ikaanguka Cove Neck, kisiwani Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwemo, 73 walikufa. Mabaki hayakuwaka moto, kwa sababu hapakuwa na cha kuwaka.

Uchunguzi ulitaja makosa kadhaa, na mojawapo ni kwamba wafanyakazi wa ndege ile hawakutangaza dharura kwa neno linalotambulika. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara hunisimamisha palepale: watu wawili ndani ya chumba kimoja walijua wanakufa, mtu wa tatu alikuwa tayari kuwaondolea ndege nyingine zote njiani, na lililokosekana kati yao ni tamko la sekunde mbili. Mwaka 2012 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga ziliongezwa maneno mahususi: rubani anayeona atatua na mafuta chini ya akiba ya mwisho anapaswa kusema mayday mara tatu, kisha neno la Kiingereza la mafuta, "fuel".

Kwa hiyo mtu anaponiambia "lakini wataelewa tu nikieleza", humrudisha kwenye safari hiyo. Waliopotea walieleza.

Wito kamili unakuwaje?

Baharini, geuza redio ya VHF, ile ya kawaida ya vyombo vya baharini, kwenye chaneli ya 16, weka nguvu ya juu, bonyeza kitufe cha kuongea na useme polepole kuliko unavyotamani. Mfano wa jahazi la kubuni tulipe jina Bahati Njema:

"Mayday, mayday, mayday. Hapa ni Bahati Njema, Bahati Njema, Bahati Njema. Mayday, Bahati Njema. Niko maili 6 mashariki ya Kilwa Kisiwani. Maji yanaingia kwa kasi, pampu imeshindwa. Nahitaji kuokolewa mara moja. Tuko watu 14, wote wamevaa maboya. Jahazi lina tanga jeupe na kamba ya rangi ya machungwa. Ova."

Hiyo "ova" maana yake nimemaliza, nasubiri jibu. Kisha achia kitufe. Hili nalisisitiza kwa sababu aliyeshikwa na hofu hukikamata kwa ngumi, na akiendelea kukibana hasikii jibu, wala hakuna mwingine anayeweza kupita. Angalia pia mpangilio: mahali ulipo panatangulia tatizo lako. Redio ikikatika baada ya sentensi tatu, afadhali wajue uko wapi bila kujua kilichokupata kuliko kinyume chake. Kama una namba za latitudo na longitudo kwenye GPS, zisome hizo.

Hewani rubani huita kwenye masafa anayotumia tayari, na akikosa jibu huhamia megahezi 121.5. Huweka pia namba 7700 kwenye kifaa kinachomtambulisha kwenye rada, na alama yake kule chini ikaonyesha hatari hata kama hajapata nafasi ya kusema.

Lazima niongee Kiingereza?

Neno mayday halibadiliki kwa lugha yoyote. Yanayofuata, yaseme kwa lugha itakayoeleweka na walio karibu. Kwenye njia za meli kubwa Kiingereza ndicho cha kutegemea, kwani nahodha anayekusikia anaweza kuwa Mfilipino au Mgiriki. Karibu na pwani yetu, ukiongea Kiswahili utasikika na wengi. Mombasa kuna kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa mwaka 2006, na Dar es Salaam pia kuna kituo cha kazi hiyo. Ukisahau yote, ukabaki na mayday na mahali ulipo, umesema ya msingi.

Hilo neno "siilons fiinii" linalosikika redioni ni la lugha gani?

Ni Kifaransa kilichopikwa Kiingereza. Wito wa hatari ukiwa hewani, kituo kinachousimamia huwanyamazisha wengine kwa kusema "silence mayday", ila neno la kwanza hutamkwa kwa namna ya Kifaransa, "siilons". Shughuli ikiisha hutangazwa "silence fini", ukimya umekwisha, na waliokuwa kimya wanaruhusiwa kuendelea.

Ukimya huu una historia yake. Enzi za waendesha redio wa meli, saa ya ukutani kwenye chumba cha redio ilichorwa vipande vya rangi, dakika tatu tatu. Zile dakika zikifika, kila saa, hakuna aliyeruhusiwa kutuma chochote kwenye masafa ya hatari. Kazi ilikuwa kusikiliza tu, labda kuna chombo dhaifu kinachoita kwa mbali. Bahari nzima ikinyamaza kwa dakika tatu kumsikiliza asiyesikika. Sijui desturi ya kazini nzuri kuliko hiyo.

Siku hizi kuna vitufe na setilaiti. Neno bado lina kazi?

Lina kazi. Redio nyingi mpya za VHF zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikishikilia sekunde kadhaa kinatuma namba ya chombo, na kama kimeunganishwa na GPS, mahali kilipo. Kuna pia boya la dharura linaloita setilaiti kwa megahezi 406. Vitu hivi vinunuliwe na viandikishwe. Lakini kitufe hakiwezi kueleza kwamba kuna mtoto mchanga, au kwamba moto uko upande wa tezi na msogelee kwa omo. Bonyeza kwanza, kisha sema.

Nina ngalawa na simu ya mkononi tu. Mayday inanihusu?

Inakuhusu kwa maana, hata kama si kwa chombo. Simu itumie, ila ujue tofauti: simu inamfikia mtu mmoja uliyempigia, na mbali na minara haimfikii yeyote. Redio inamfikia kila aliye karibu kwa mpigo mmoja, pamoja na meli ya mizigo usiyoijua jina iliyo nyuma ya upeo. Redio ya mkononi isiyoingia maji ni ununuzi ambao ningeuweka mbele ya mashine kubwa zaidi.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinalitaja neno mayday katika orodha moja na ishara nyingine za hatari, na baadhi yake hazihitaji umeme: fataki nyekundu, moshi wa rangi ya machungwa, moto unaowaka chomboni kama wa pipa la lami, na kunyoosha mikono yote miwili pembeni kisha kuiinua na kuishusha polepole, tena na tena. Polepole ndiyo siri. Ukipunga haraka, anayekuona kwa mbali atadhani unamsalimu, naye atakupungia.

Linatumikaje kwenye Kiingereza cha kawaida?

Kama nomino: chombo "kimetuma mayday", au nahodha "ametoa mayday", na wingi wake hupewa s mwishoni. Hutangulia pia majina mengine, kama wito wa mayday au ujumbe wa mayday. Si kitenzi, watu hawasemi "amemaydei".

Zimamoto wa Marekani wamelichukua pia. Kwao mayday ni wito wa askari mwenyewe: amepotea ndani ya moshi, ameangukiwa na paa, hewa yake inaisha. Ni matumizi ya haki kabisa, maana hali ni ileile.

Magazeti hulitumia kwa mafumbo, kampuni ikielekea kufilisika au timu ikikaribia kushuka daraja. Kisarufi si kosa. Mimi binafsi nalikwepa hivyo. Neno hili thamani yake yote iko katika kutosemwa ovyo.

Nikisikia mayday ya mtu mwingine nifanye nini?

Nyamaza na uandike: jina, mahali, saa. Subiri kidogo kituo cha pwani kijibu. Kisipojibu, jibu wewe, na kama uko karibu elekea huko. Wajibu wa nahodha kuwasaidia walio hatarini baharini uko kwenye mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Ukiona wewe unasikika mbali zaidi yake, upitishe wito wake: sema "mayday relay" mara tatu, jitaje wewe, kisha rudia ujumbe wake kama ulivyouandika. Bila neno hilo la pili watadhani anayezama ni wewe.

Je, ni kosa kulisema kwa mzaha?

Ni kosa katika nchi nyingi. Marekani sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka 6 na faini ya hadi dola 250,000, juu ya kulipishwa gharama za uokoaji uliotumwa bure. Adhabu ni kali kwa sababu helikopta inayomtafuta asiyekuwepo haiwezi wakati huohuo kumtafuta aliyepo.

Nikishaita, halafu mambo yakatengemaa?

Futa wito wako, kwa sauti, kwenye masafa yaleyale. Waite wote wanaosikiliza, jitaje, sema saa uliyoita na kwamba unaifuta mayday yako, na ueleze kwa nini: pampu imewaka, mtu ameonekana. Hivyohivyo ukibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya. Usizime redio ukajificha, maana watakuja. Aliyeita kwa nia njema akafuta haadhibiwi. Kituo kitaandika saa, kitakuuliza kama uko sawa kuendelea na safari, na chaneli itarudi kwa wengine.